Siku Iliyokuchwa Mara Mbili

Mama mdogo wangu anakaa Kihesa, Iringa, na wote wanaomjua watakuambia ni mwanamke mpole. Ndiyo maana sijasahau alichoniambia usiku wa Agosti 31, 2016, nilipomwomba nauli ya kwenda Rujewa. Aliweka mwiko chini, akanitazama, akasema: "Mwanangu, unataka kwenda kumchungulia Mungu?"

Kwa waliosahau: kesho yake jua lilikuwa lipatwe. Ukanda wa kivuli ulikuwa ukatize Katavi, Mbeya, Njombe na Ruvuma kuelekea Msumbiji, na Rujewa, wilayani Mbarali, ndiyo ilitajwa kuwa mahali pazuri pa kutazamia. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amelieleza jambo hilo kwenye vyombo vya habari mpaka hata wauza mahindi wa stendi walilijua. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, mfukoni sina kitu. Mama mdogo naye alikuwa ametoka kusikia mahubiri kwamba jua kutiwa giza ni dalili ya siku za mwisho, na mwenye akili siku hiyo afunge mlango aombe.

Nauli alinipa. Ndivyo alivyo. Lakini alinipa kama mtu anayemkabidhi mtoto panga.

Rujewa kulikuwa na watu kama siku ya mkutano wa kampeni. Wanafunzi, wazungu wenye mitambo, wamasai, mapadri wawili wamevaa kanzu zao, akina mama na ndoo za maji ili watazame jua majini (msifanye hivyo jamani, macho hayana spea). Jirani yangu alikuwa na kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma, tukawa tunapokezana watu sita. Kabla kidogo ya saa sita mchana mwezi ukaingia katikati kabisa. Haukutosha kulifunika jua lote, kwa sababu siku hiyo ulikuwa mbali kidogo nasi, kwa hiyo ikabaki pete nyembamba ya moto. Mwanga ukawa wa ajabu, si wa jioni wala wa asubuhi. Kabaridi kakaja. Chini ya mti vivuli vya majani vilijaa vijipete vidogo vidogo, mamia, ardhini. Mmoja wa wale mapadri alikuwa amepiga magoti. Sikujua kama anasali au anavitazama vile vijipete. Labda vyote viwili.

Swali la mama mdogo lakini lilinirudia njia nzima kurudi Iringa, maana halikuwa geni kwangu. Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja, niliuliza kwenye kikundi cha maombi: ikiwa mwanga wa nyota fulani umesafiri mamilioni ya miaka ndipo utufikie, ile hesabu ya watu wanaosema dunia ina miaka elfu sita inakaaje? Kiongozi wetu hakunijibu. Aliwaambia wenzangu waniombee. Wakaniwekea mikono kichwani, nikiwa nimefumba macho, na nakumbuka nilichowaza wakati ule: kumbe ni lazima nichague. Ama nyota ama Yesu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo niliamini kweli kwamba lazima nichague, na sitawaficha, kuna kipindi nilichagua nyota.

Kilichonirudisha kwenye habari hii ni bibi yangu mzaa baba.

Bibi ni wa Mbozi, Mmoraviani wa kuzaliwa, na alikuwa na desturi ya kuhesabu miaka kwa matukio. Kaka mkubwa wa mama yake, alikuwa akisema, alizaliwa "mwaka ule siku ilipokuchwa mara mbili". Tulipokuwa wadogo tulicheka tu. Alieleza kwamba jua lilikuwa limeinama, watu wanarudi kutoka mashambani, mara likafa. Kuku wakapanda kulala. Nyota zikatoka. Halafu jua likafufuka, likakaa kidogo, ndipo likazama kama kawaida yake. Usiku mara mbili, siku moja. Nilidhani ni hadithi za wazee.

Mwaka juzi nikiwa natafuta jambo lingine kabisa nilikutana na ramani ya kupatwa kwa jua kwa Mei 29, 1919. Nikaacha nilichokuwa nafanya. Kivuli kilianzia Amerika Kusini asubuhi, kikavuka Brazil na bahari ya Atlantiki, kikapita kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea, kikakata Gabon na Kongo ya Wabelgiji, kikaja kaskazini mashariki mwa Zambia ya leo, ncha ya kaskazini ya Malawi, kusini mwa Tanzania, kikamalizikia upande wa Msumbiji jua likikaribia kuzama. Chukua ramani utazame Mbozi iko wapi. Iko pale pale Zambia, Malawi na Tanzania zinapokaribiana. Na kwa saa zetu ilikuwa jioni. Bibi hakuwa anatunga.

Sasa, wale waliosoma fizikia wameshashtuka, kwa sababu Mei 29, 1919 si tarehe ya kawaida. Ndilo kupatwa kwa jua mashuhuri kuliko yote katika historia ya sayansi. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba uzito wa jua hupinda mwanga wa nyota unaopita karibu nalo, na alitoa hadi kipimo: sekunde 1.75 za pembe, yaani upindo mdogo mno. Njia pekee ya kuhakiki wakati ule ilikuwa kupiga picha nyota zilizo karibu na jua, na hizo huonekana pale tu jua linapofunikwa. Waingereza wakatuma makundi mawili, moja Sobral huko Brazil, jingine Príncipe. La Príncipe liliongozwa na Arthur Eddington wa Cambridge. Ripoti yao inautaja hata mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kama mahali kivuli kitakapofika. Lakini huku kwetu jua lingekuwa chini mno kwa kazi yao. Hawakuja. Kivuli kilikuja bila wao.

Huyu Eddington ndiye ninayetaka tukae naye kidogo. Alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, wale ambao Waingereza huwaita Quakers (kwa taarifa yako, hakuna nchi duniani yenye waumini wengi wa kanisa hilo kuliko Kenya). Kwa imani yake alikataa kwenda vitani. Wenzake wengi waliokataa walifungwa au walipelekwa kazi za sulubu. Mkuu wake Frank Dyson, Mnajimu wa Kifalme, alimtetea serikalini kwamba mtu huyu anahitajika kuandaa msafara wa kupatwa kwa jua, na akaachiwa kwa sharti hilo. Fikiria jambo hili. Picha zilizomfanya Einstein ajulikane dunia nzima zilipigwa na Mkristo ambaye angeweza kuwa jela kwa sababu ya Ukristo wake. Tena Mwingereza akithibitisha kazi ya mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani, miezi sita tu baada ya vita ambavyo mataifa hayo mawili yaliuana kwa mamilioni.

Na huku kwetu mataifa hayo hayo mawili yalikuwa yamefanya nini?

Wamoraviani wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1899 Traugott Bachmann akaanzisha misheni ya Mbozi. Alijifunza Kinyiha akatafsiri Agano Jipya, likachapishwa mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia nyanda za juu kutoka Nyasaland na Rhodesia, wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walisaidia walivyoweza, lakini kwa kiasi kikubwa waumini walibaki na walimu wao wa Kiafrika. Huko Tosamaganga, Iringa, hali ilikuwa hiyo hiyo: Wabenediktini Wajerumani walikuwa wameondolewa, na ni mwaka huo huo wa 1919 ndipo wamisionari wa Consolata walianza kuingia wakitokea Kenya.

Halafu weka juu yake mengine. Wanaume walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, wengi hawakurudi. Ng'ombe na nafaka vilikuwa vimeliwa na majeshi yaliyopita na kurudi. Mwishoni mwa 1918 ikaja ile homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Novemba 25, 1918 pale Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, si mbali sana na Mbozi. Na katika eneo hilo hilo la mpakani wahubiri wa Watch Tower, akiwamo Hanoc Sindano, walikuwa wakitangaza kwamba mwisho wa dunia umefika na utawala wa wazungu unakwisha. Mwanzoni mwa 1919 serikali ya Rhodesia ya Kaskazini iliwakamata na kuwashtaki zaidi ya mia moja.

Ndipo Mei, jioni moja, jua linakufa.

Mhubiri wa mwisho wa dunia angeomba ishara gani zaidi ya hiyo? Watu wa Mbozi walikuwa na Injili kwa lugha yao wenyewe, pamoja na zile sehemu ambazo Yesu anasema habari za jua kutiwa giza. Kitabu walikuwa nacho. Wa kumwuliza hawakuwa naye. Saa hiyo hiyo, ukanda huo huo wa kivuli, kilomita elfu tatu magharibi, mtu anayesali kama wao alikuwa ameshajua dakika na sekunde ya jambo hilo, na kwake halikuwa mwisho wa kitu chochote.

Hapo ndipo hasira yangu ya kidato cha tatu ilipoanza kugeuka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba tatizo ni Biblia kugombana na darubini. Tukitazama historia ya kwetu, tatizo lilikuwa kwamba Biblia ilitufikia na darubini haikutufikia. Wamisionari walileta shule, hospitali, viwanda vya useremala, matofali, kahawa. Elimu ya anga hawakuileta, ingawa Wakristo wenzao walikuwa wakiifanya huko huko walikotoka. Mwaka ule ule wa 1891 Wamoraviani walipofika Rungwe, Papa Leo XIII alikuwa akianzisha upya kituo cha kutazama nyota cha Vatikani! Sisi tuliletewa habari za ugomvi tu, na hata huo kwa kuchelewa.

Ndiyo, Galileo. Najua mtaniuliza. Kanisa Katoliki lilimhukumu mwaka 1633, lilikosea, na Papa Yohane Paulo II alilisema wazi mwaka 1992. Sina la kuongeza, ila kwamba hadithi moja ya Galileo imefunika hadithi nyingine mia. Imemfunika hata Augustino, Mwafrika wa Algeria ya leo, ambaye zaidi ya miaka 1,600 iliyopita aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu nyota na mwendo wa jua mbele ya watu wanaojua mambo hayo, maana watu hao watawaaminije katika habari za ufufuo? Yule kiongozi wetu wa maombi angefaa kumsoma.

Na imemfunika Georges Lemaître. Huyu alikuwa kijana wa Kibelgiji aliyetoka kwenye mahandaki ya vita hivyo hivyo, akapewa upadri mwaka 1923, mwaka huo huo akaenda Cambridge kusoma kwa nani? Kwa Eddington. Mwaka 1927 padri huyu aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema basi lazima ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kilichosongamana. Ndiyo nadharia ya mlipuko mkuu, ile ambayo vijana wengi wa makanisani wanadhani ilitungwa na wapagani ili kumwondoa Mungu. Wapo wanasayansi walioikataa mwanzoni kwa sababu iliwanukia Mwanzo sura ya kwanza. Papa Pius XII naye mwaka 1951 alihutubia akielekea kusema kwamba sayansi sasa imethibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Padri mwenyewe! Aliona nadharia yake ni fizikia, inaweza kesho kusahihishwa, na imani isijengwe juu yake. Ninampenda mtu huyu kwa jambo hilo moja kuliko kwa hesabu zake, ambazo sizielewi.

Kidogo kuhusu lugha, maana naona inachangia. Kwa Kiswahili, "mnajimu" ni Frank Dyson na pia ni Sheikh Yahya Hussein, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2011 akiwa amewatabiria viongozi wa Afrika Mashariki kila aina ya jambo. Neno moja, kazi mbili zisizohusiana. Mama mdogo akisikia mtu ni mnajimu anawaza nyota za bahati na ndagu. Neno "falaki" lipo, zuri kabisa, lakini limelala kwenye kamusi.

Mwaka huu nikamchukua mama mdogo twende Mbozi kumtembelea bibi, naye sasa ni mzee sana. Tukapanda basi la asubuhi Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole, Mbeya mjini, tukalala. Kesho yake nikamwambia kabla ya kufika kwa bibi tunachepuka kidogo. Hakujua ninampeleka wapi.

Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Zamani tulisema mkoa wa Mbeya, tangu 2016 ni Songwe. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, asilimia 90 chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wanyiha ni wahunzi wa jadi, chuma wanakijua wakikiona. Hawakukitangaza kwa wageni. Misheni ya Mbozi ilikuwa na miaka thelathini wilayani wakati mpima ardhi W. H. Nott alipokitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930. Mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali. Kilianguka zamani sana, kiasi kwamba shimo lililochimbika halionekani tena. Hili handaki linalokizunguka leo limechimbwa na watu ili upande wa chini uonekane.

Vimondo vya chuma vya namna hii ni mabaki ya viini vya sayari ndogo zilizoyeyuka na kuvunjika mwanzoni kabisa mwa mfumo wetu wa jua, miaka kama bilioni 4.5 iliyopita. Nilimweleza mama mdogo hivyo. Akanyamaza. Nikajua tumefika pale pale pa kidato cha tatu.

Basi nikamsimulia habari ya Bruda Guy Consolmagno. Mmarekani, alikuwa mtafiti chuo maarufu cha MIT, na akiwa na umri wa miaka thelathini hivi akaanza kujiuliza kwa nini anahangaika na miezi ya sayari ya Mshtarii wakati watu wanakufa njaa. Akaacha, akajiunga na Peace Corps, mwaka 1983 akatumwa hapo jirani, Kenya. Alidhani anakuja kuwafaa wenye njaa. Wakamtaka afundishe fizikia na elimu ya anga, Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipokwenda vijijini na kadarubini kake, watu walipanga foleni kutazama mwezi, wakishangaa vile vile walivyoshangaa watu wa kwao Michigan. Yeye mwenyewe husimulia kwamba hapo ndipo alipojibiwa swali lake: kutaka kujua yaliyo juu ni sehemu ya kuwa mtu, na kumnyima maskini jambo hilo ni kumwambia yeye si mtu kamili. Alirudi kwao, mwaka 1989 akaingia shirika la Wajesuiti, akapelekwa Vatikani kutunza mkusanyiko wao wa vimondo, vipande zaidi ya elfu moja, na kuanzia 2015 hadi 2025 akawa mkurugenzi wa kituo kile cha Leo XIII.

"Bruda anatunza mawe kama haya?" mama mdogo akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Vatikani?"

"Vatikani."

Akateremka ngazi mpaka kwenye handaki, taratibu, akiwa ameshika khanga yake. Akaweka kiganja juu ya chuma. Kulikuwa na jua kali na nadhani kilikuwa cha moto, maana aliinua mkono haraka, halafu akaurudisha. Akakaa hivyo muda. Kijana anayetembeza wageni alinitazama kama anauliza aendelee na maelezo au asubiri. Nikamwashiria asubiri.

Jioni kwa bibi, baada ya chakula, nilimwomba bibi asimulie tena ile siku iliyokuchwa mara mbili, mama mdogo asikie. Akasimulia, na kuku wake wote. Kisha mimi nikaeleza upande wa Príncipe: kwamba asubuhi ile ilinyesha mvua kubwa, kwamba mawingu hayakuondoka kabisa, kwamba kati ya picha 16 ni chache mno zilizofaa, na matokeo ya makundi yote mawili yakatangazwa London Novemba 6, 1919. Nikawaambia pia kwamba Eddington aliandika baadaye kuwa hakuliona lile tukio lenyewe. Alikuwa na kazi ya kubadilisha vioo vya kamera, akaweza kutupa jicho mara moja kuhakikisha limeanza, na mara nyingine katikati kuona mawingu yakoje.

Bibi alitaka nirudie hapo. Nikarudia.

"Masikini," akasema. "Amesafiri kote huko asilione."

Mama mdogo akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Halafu akaniuliza, mbele ya bibi, jua litapatwa tena lini huku kwetu, na kama vile vioo maalumu vinauzwa Iringa au mpaka Dar.